Kitabu cha Pili: Hadithi za Picha za Kijapani na Wasomaji Wetu wa Kiswahili

Hapana swali ambalo mwalimu wa lugha hulipokea kwa furaha kuliko lile la mwanafunzi asimamaye mlangoni, kitabu mkononi, akasema: "Mwalimu, nimekimaliza. Kuna kingine kama hiki?" Hapa kwetu Buhinyuza, katika vilima vya Muyinga ambavyo tangu mwaka 2025 vimeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza, swali hilo halisikiki kila siku. Vitabu ni haba, njia ni ndefu, na mtoto arudipo nyumbani hungojwa na maji, kuni na mbuzi. Kwa hiyo alisemapo mtoto maneno hayo, jibu la mwalimu si jambo dogo. Akijibiwa vyema tumempata msomaji. Akijibiwa vibaya yumkini hatauliza tena. Makala hii inahusu jibu hilo, hasa pale ambapo kitabu kilichomalizwa si cha Kiswahili hata kidogo, bali ni hadithi ya picha iliyochorwa Japani.

Wenzetu wa Unguja au Mombasa huenda wakastaajabu kusikia kwamba manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, zimefika katika wilaya ya wakulima kama yetu. Zimefika, tena kwa Kifaransa. Kijana aliyekwenda kusoma Bujumbura hurudi likizo na juzuu moja ndani ya mfuko, jalada limekwisha kung'oka, na juzuu hiyo hupita mikono ishirini kabla ya likizo kwisha. Wengine huzijua kwa filamu zake, wakizitazama katika simu ya kaka. Nasi tulizidharau mwanzoni. Tulipoketi tukazisoma tuliona kwamba tumekutana na fasihi kubwa, kubwa hata kwa kipimo cha uzito tu: Dragon Ball ya Akira Toriyama, iliyotoka tangu 1984 hadi 1995, ina juzuu 42, Naruto ya Masashi Kishimoto, ya 1999 hadi 2014, ina juzuu 72, One Piece ya Eiichiro Oda, iliyoanza 1997, imekwisha kupita juzuu mia. Mtoto ambaye hukimbia kurasa tisini za kitabu cha darasani huzila juzuu hizo kama karanga.

Tuseme jambo moja kwa kupita. Kitabu cha Kijapani huanzia upande ambao sisi twauita mwisho, na picha zake husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wanafunzi wetu walipopata juzuu ya kwanza waliianza kwa nyuma, wakaona shujaa ameshinda kabla hajazaliwa. Walicheka sana. Tukawaeleza kwamba Kiswahili nacho kiliandikwa kwa karne nyingi kutoka kulia, kwa herufi za Kiarabu, na kwamba hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 hufunguliwa vivyo hivyo. Walinyamaza kidogo. Nadhari yao juu ya washairi wa Pate ilibadilika siku ile kuliko siku zote tulizowafundisha vina na mizani.

Sasa turudi kwenye jibu. Desturi iliyoenea, kwa wauza vitabu, kwa watunza maktaba na kwa vijana wenyewe, ni kupendekeza kwa kufanana: ulipenda Naruto, basi soma Bleach, ulipenda Death Note, basi soma Monster. Desturi hii ina faida yake, maana ni afadhali kuliko kumpa mtoto chochote kilicho karibu. Kosa lake ni kwamba hutazama vazi. Penye upanga huongezwa upanga, penye polisi huongezwa polisi, penye shule huongezwa shule. Mtu amesifu pilau ya harusi, nasi twadhani alichopenda ni mchele, twamletea gunia. Kumbe alipenda harusi.

Tulilifahamu hili kwa wanafunzi wawili waliopenda kitabu kimoja.

Kitabu chenyewe ni Detective Conan cha Gosho Aoyama, kilichoanza kutoka 1994. Kijana hodari wa upelelezi, Shinichi, ananyweshwa sumu na wahalifu. Badala ya kufa anarudi kuwa mtoto mdogo. Anajificha kwa jina la Conan Edogawa, akikaa katika nyumba ya msichana ampendaye, ambaye hajui kwamba mtoto huyu ndiye yule anayemngoja. Katika kila kisa kuna mauaji na fumbo, na fumbo hufumbuliwa na mtoto ambaye hakuna mtu mzima amsikilizaye.

Mwanafunzi wa kwanza, mvulana, alitujia na swali letu lile la mlangoni. Jibu lilikuwa rahisi mno hata tukajivuna: Bwana Msa. Ndugu zetu walimu hawahitaji kukumbushwa kwamba Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki ya 1957-58, ikachapwa 1960, na kwamba ilifuatwa na Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na Kosa la Bwana Msa. Tena undugu wa vitabu hivi na kile cha Kijapani ni undugu wa nasaba hasa. Jina Conan limetolewa kwa Arthur Conan Doyle, na Edogawa ni jina la mwandishi wa Kijapani Edogawa Ranpo, ambaye naye aliligeuza jina la Edgar Allan Poe likae katika matamshi ya kwao. Na Bwana Msa wetu, na kiko chake, na sahibu yake Najum wa kumshangaa, nani asiyemwona Sherlock Holmes nyuma ya kanzu yake? Watoto wa babu mmoja, mmoja amekulia Tokyo na mwingine Unguja. Mvulana alisoma Kisima cha Giningi kwa siku nne, akarudi akitaka kingine.

Baada ya muda akaja msichana, naye amemaliza juzuu ileile ya Conan. Tukampa Kisima cha Giningi bila kufikiri. Alikirudisha baada ya wiki, kimefunikwa vizuri kwa karatasi, akasema ahsante. Mwalimu aliyezoea anajua "ahsante" ya namna ile. Tulimwuliza: katika Conan, ni ukurasa gani ulioupenda? Hakutaja fumbo hata moja. Alitaja mahali ambapo msichana yule wa hadithini analia kwa ajili ya Shinichi aliyepotea, na Shinichi amesimama mbele yake katika mwili wa mtoto, asiweze kusema neno. Huyu hakusoma hadithi ya upelelezi hata siku moja. Alisoma hadithi ya mtu aliyefungwa ndani ya umbo lisilo lake.

Tulimpa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Mtu anayepanga vitabu kwa mavazi hataviweka vitabu hivi viwili katika rafu moja hata kwa viboko: kimoja kina polisi na treni, kingine kina majini na liwali. Lakini ni nini kiini cha Adili? Ni wanadamu wawili waliogeuzwa manyani, wenye macho ya wanadamu, na ndugu yao Adili ambaye kila usiku lazima awapige, naye akiwapiga hulia, kisha huwalisha na kuwabembeleza. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anapochungulia usiku na kuona jambo hilo haelewi alionalo. Nasi wasomaji twachungulia pamoja naye. Msichana yule alikisoma kitabu mara mbili. Alilalamika juu ya mashairi yaliyomo, alisema yanamchelewesha, nasi hatukumgombeza. Alitaka kujua kama manyani walikuwa wanasikia maneno ya watu muda wote ule. Ni swali la uhakiki, na hatukumbuki kuliona katika maswali ya mitihani yetu.

Tangu hapo tumeacha kuuliza "ulipenda kitabu gani?" Tunauliza ni ukurasa gani aliousoma mara mbili. Katika hadithi za picha ukurasa huo hujulikana hata bila kuuliza: umechakaa, una alama za vidole.

Tumekosea pia, na kosa moja lafaa kusimuliwa. Kijana mmoja alikuwa hasemi ila Naruto. Kwa kuwa kila ukurasa tuliofungua ulikuwa na mapigano, tulimpa Kikosi cha Kisasi ya Elvis Musiba, tukiamini kwamba Willy Gamba atamtosha kwa ngumi na risasi. Alikirudisha siku ya tatu. Alisema: "Mwalimu, huyu hana shida yoyote." Tulikaa na maneno hayo. Ni kweli: Willy Gamba ni mzuri wa sura, ana fedha, wakubwa wanamwita kwa jina, wanawake wanamtaka. Naruto ni yatima. Kijiji kizima kinamwepuka kwa sababu ya mbweha aliyefungiwa ndani yake alipozaliwa, jambo ambalo yeye hakulitenda wala hakulijua. Juzuu zile 72 zote, ukiondoa moshi wa mapigano, ni safari ya mtoto anayetaka watu wa kwao wamtazame usoni. Kijana wetu alikuwa amelelewa kwa watu wasio wazazi wake. Tungalimwuliza kwanza, tusingalimpoteza kwa muhula mzima.

Kitabu kilichomfaa kilikuwa Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapwa 1976. Hapana mapigano ya kininja humo. Yumo mtoto aliyekataliwa na baba yake Fuad, akanyanyaswa na mama wa kambo, akatoroka, na hatimaye akapata utu wake kwa mkulima fukara, Sulubu, ambaye hana cha kumpa ila heshima. Tusidanganyane: Kiunguja cha kitabu hiki kilimtesa. Kiswahili cha Muyinga ni cha soko na cha mpaka. Kimekuja na wachuuzi, na baadaye na wakimbizi waliorejea kutoka makambi ya Tanzania, wala hakina msamiati wa mashamba ya karafuu. Tulimwandikia maana za maneno pembeni kwa penseli. Lakini alipofika katikati ya kitabu alikuwa akimtukana Fuad kwa Kirundi, tena kwa sauti, nasi tukajua kwamba kitabu kimemfika.

Mfano ulio tajiri kuliko yote kwetu ulikuwa Kusadikika. Wanafunzi wa darasa la juu walikuwa wakisoma Attack on Titan ya Hajime Isayama, iliyotoka tangu 2009 hadi 2021 kwa juzuu 34. Watu wanaishi ndani ya kuta tatu kubwa wakiamini kwamba nje hakuna tena wanadamu, ila majitu yalayo watu. Askari wanaotumwa nje hurudi wachache, wamekatwa mikono, na raia huwacheka. Mwishowe (asiyeisoma atusamehe) inadhihirika kwamba ng'ambo ya bahari yako mataifa, na kwamba wenye mamlaka ndani ya kuta walikuwa wamewaficha watu ukweli. Mwuza vitabu angeliwapa vijana hawa vita vingine na majitu mengine. Sisi tulikumbuka nchi ielekeayo angani, na wajumbe wake sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Ambao kila mmoja alirudi na elimu ya kuifaa nchi yake na kila mmoja akatiwa gerezani kwa sababu hiyo. Shaaban Robert aliichapisha mwaka 1951, chini ya utawala wa kigeni. Hatudai kwamba Mjapani alimsoma, hilo halikuhitajika. Watawala wanaoogopa kilicho nje ya ukuta wamezaliwa katika kila nchi.

Lakini kufanana kwa vitabu hivi kulitufaa zaidi pale kulipokoma. Shujaa wa Isayama akiisha kuujua ukweli anachagua kuiangamiza dunia ya nje. Karama, mshitakiwa wa Kusadikika, anasimama mbele ya baraza na kusema siku baada ya siku, mpaka wale waliofungwa wanafunguliwa. Darasa liligawanyika. Wako waliosema Karama ni mtu wa vitabuni tu, kwamba katika dunia hii asemaye vile hafiki siku ya pili. Wako waliosema yule mwingine ameua watoto. Katika nchi hii mjadala wa namna hiyo hauwi wa vitabu tu, na kila mtoto chumbani alijua hivyo ingawa hakuna aliyelitamka. Kengele ililia, hawakutoka.

Wako wenzetu watakaosema kwamba hadithi hizi za picha huharibu vijana. Tunakubali kwa baadhi yake. Ziko ambazo hatungeziacha zivuke mlango wa shule, kwa uchi wake na kwa damu yake; Berserk ya Kentaro Miura, kwa mfano, ina ustadi mkubwa wa mkono na si ya watoto. Hata Death Note tunaitoa kwa uangalifu, na tukiulizwa kitu kama hicho twafikiria Kichwamaji cha Kezilahabi, ambamo pia kijana msomi analiwa na akili yake mwenyewe. Halafu twamtazama aliyeuliza, na mara nyingi twasema: ngoja miaka miwili. Kunyima kitabu kwa muda nako ni kupendekeza. Lakini kuzitupa zote ni kosa lilelile waliloliangukia wahakiki waliosema hadithi za upelelezi si fasihi. Bwana Msa amewafundisha watu wengi kusoma kuliko wahakiki hao.

Wala hadithi za picha si ngeni katika Kiswahili. Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa katika Uhuru. Na gazeti la Sani lilivuka mpaka na watu wake, akina Madenge na Ndumilakuwili. Mzazi mmoja aliyerejea kutoka kambi za Ngara alituambia kwamba alijifunzia kusoma humo, si darasani. Mtoto apendaye visa vya namna hii hapa kwetu anamjua tayari Samandari, mjanja wa ngano za Kirundi, na kutoka kwa Samandari ni hatua moja kufika kwa Abunuwasi. Kutoka hapo twaweza kumvusha hadi Doraemon, ambamo kila hila ya mtoto mvivu humrudia mwenyewe. Acheke, kisha alinganishe na Samandari ambaye hila humwokoa.

Upungufu wetu uko mahali pengine. Visa vya Kiswahili vya picha tulivyowahi kuvishika ni vifupi: kichekesho cha mraba mmoja, kisa cha kurasa mbili. Hatujapata kushika hadithi ya picha ya Kiswahili inayomchukua mtu tangu utoto hadi uzee, yenye kimya, mvua na njia ndefu, kama hizi za Kijapani. Kwa hiyo mtoto tumhamishaye kutoka picha kwenda riwaya tunamwomba aache kitu anachokipenda kwa macho. Tumegundua kwamba daraja jema hapo ni tamthilia. Ukiitazama vizuri, tamthilia ni hadithi ya picha iliyosubiri mchoraji: maneno ya watu tu, na maelezo mafupi ya mahali. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, tuliwagawia vijana wanne wakaichora onyesho la kwanza kwenye madaftari, kila msemo ndani ya kiputo chake. Michoro ilikuwa mibaya. Walipofika pale neno la Kinjeketile linapomzidi nguvu mwenyewe, walimchora mdogo na maneno makubwa.

Kimebaki kitabu kimoja ambacho hatujui vyema tukiweke wapi. Hadashi no Gen ya Keiji Nakazawa ilianza kutoka 1973. Nakazawa alikuwa mtoto wa miaka sita Hiroshima bomu lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945. Baba, dada na mdogo wake walikufa chini ya nyumba yao, naye amekichora alichokiona. Kwa kanuni yetu ya ukurasa uliosomwa mara mbili, kitabu hiki kingewafaa wengi hapa, kuliko tunavyotaka kuhesabu. Nchi hii ilizika watu mwaka 1972, ikazika tena tangu 1993, na wanafunzi wetu ni wana na wajukuu wa miaka hiyo. Kwa sababu hiyohiyo hatukipendekezi. Kiko katika kabati, mgongo wake umetazama nje ili uonekane. Akikichukua mwenyewe twamwandikia jina katika daftari kama kitabu kingine chochote, na siku akirudisha hatuwahi kwenda nyumbani mapema. Wawili wamekichukua. Mmoja alikirudisha bila neno. Mwingine aliuliza kama kipo kwa Kirundi, kwa ajili ya bibi yake.

Tunawaomba walimu wenzetu, wa Ngara, wa Kigoma, wa Bukavu na kwingineko, watuandikie kupitia Taarifa hii jozi zao wenyewe: kitabu alichokipenda mwanafunzi, ukurasa alioutaja, na cha Kiswahili mlichompa baada ya hapo. Zile zilizoshindwa zinatufaa kuliko zilizofaulu. Na kama yuko anayejua kitabu cha kumpa msichana wetu wa Adili, ambaye amekwisha kusimama mlangoni mara mbili wiki hii, tafadhali asingoje toleo lijalo.